Wimbo Uliomfundisha Nsimire

Mugisho, ndugu yangu,

Wimbo wako unaimbwa kwenye misa sasa. Naanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo inayoniuma. Parokia ile ile iliyotufukuza na gitaa zetu, ikasema rok ni muziki wa kuita mapepo, siku hizi inaimba "Nijibu" baada ya komunyo. Wameupunguza mwendo, wameutia kinanda, na akina maman wanafumba macho. Jumapili iliyopita nilisimama nyuma karibu na mlango, nikasikia mzee mmoja akimweleza mwenzake kwamba aliyetunga wimbo huu alikuwa kijana wa hapa hapa Kadutu, mtu wa sala kabisa. Mtu wa sala, wewe uliyekuwa ukigombana na Mungu mpaka mishipa ya shingo inasimama.

Mzee yule alikuwa amesimama karibu yangu hata bega lake linanigusa. Hakujua mimi ni nani.

Ndivyo ilivyo tangu ulipoondoka. Vijana wa moto, wale wa pikipiki, wanacheza nyimbo zako kwenye simu zao wakisubiri wateja pale chini ya soko. Wasichana ambao hawakuwahi kukanyaga kwenye repetisyo, mazoezi yetu, hata mara moja wameweka picha yako kwenye WhatsApp, na chini yake wameandika kwamba wamempoteza rafiki wa karibu. Redio ilituita mimi na Safari wa ngoma. Nilivaa shati ulilokuwa unalisifia. Mtangazaji akauliza ulikuwa unakula nini, ulikuwa unasali saa ngapi, ulipenda rangi gani. Mwishoni kabisa akanigeukia: "Na weye, ulikuwaka unamusaidia kufanya nini?" Nikajibu kwamba nilikuwa napiga besi. Akasema asante, akaweka tangazo la sabuni.

Nina wivu, Mugisho. Nilidhani mtu hawezi kumwonea wivu marehemu, maana ana nini tena cha kutamani? Lakini ninakuonea. Ulipokuwa hai tulikuwa kundi, kundi la Jiwe. Sasa Jiwe ni wewe, na sisi ni watu waliokuwa karibu na wewe.

Unakumbuka jina lilivyopatikana? Tulikuwa tumetoka kufukuzwa, tumekaa katika atelye ya useremala ya baba yake Safari katikati ya milango na vitanda visivyopigwa vanishi, maranda yametujaa kwenye viatu. Safari alitaka tuache. Wewe ukasema kuna jiwe ambalo waashi walilikataa, na kila mtu anajua lilikuja kuwa nini. Tangu siku ile tukawa Jiwe, bila parokia, bila mfadhili, bila mtu wa kutuambia tuimbe kwa sauti gani. Tulirekodi pale pale umeme ulipokuwa ukirudi, na baba Safari akawa anasimamisha msumeno wake. Padri alipokuja kukuuliza kwa nini tunapiga kelele namna ile, je, tunafikiri Mungu ni kiziwi, ulimjibu kwa adabu kabisa: "Mungu haiko kiziwi, padri. Lakini batu banaomulilia biko bengi. Na siye tunataka asikie yetu." Padri alicheka. Mimi pia nilicheka, na wakati huo huo nikajiuliza kwa nini maneno kama hayo hayanijii mimi.

Halafu ukaugua figo. Kuhusu hospitali sitaandika mengi, ulikuwepo. Nitaandika kuhusu ile alasiri moja tu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje ya chumba chako tangu asubuhi. Ukaniita, ukanituma mkate. Nilishuka nikautafuta mkate ulio laini, kwa sababu midomo yako ilikuwa imepasuka, na sikuupata karibu, nikaenda mbali. Niliporudi, mdogo wako Nsimire alikuwa anatoka chumbani, macho mekundu, midomo yake ikitembea bila sauti kama mtu anayekariri. Nilidhani anasali. Wewe ulikuwa umelala. Mkate hukuugusa.

Baada ya mazishi, Nsimire akaja atelye na gitaa lako mgongoni. Hatukumwalika. Akasimama mahali pako na kuimba wimbo ambao sikuwahi kuusikia, na kabla hajafika nusu nikajua ni wako, na nikajua umeufundisha lini. Ulikuwa umenituma mkate ili upate nafasi ya kumpa mwingine wimbo wako wa mwisho. Mtoto ambaye alikuwa bado anajifunza kufunga nyuzi. Niliweka besi chini nikatoka. Safari aliniita mpaka barabarani, sikugeuka.

Sikurudi kwa wiki kadhaa. Walifanya repetisyo bila mimi. Nilikuwa nikipita njia ya juu ili nisiwasikie, na bado nilikuwa nawasikia. Kitu kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba anaimba vizuri. Ana sauti yako, ila yake haichoki.

Siku moja akapanda mpaka kwetu. Mama alimpa kiti, akabaki amesimama. Akaniambia, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, "Yaya Bahati, hii wimbo haiwezi kuisha bila weye." Nikamwambia inaisha vizuri, ninaisikiaka kutoka njiani. Ndipo akanieleza kwamba uliagiza katikati ya wimbo wote wanyamaze, gitaa, ngoma, sauti, na Bahati abaki peke yake. Nikauliza ulisema nipige nini. Akasema hukusema. Ulisema nitajua mwenyewe.

Badala ya kufurahi nilikasirika zaidi. Nikamuuliza kwa nini hukuniita mimi mwenyewe wakati nilikuwa pale nje kutwa nzima. Akatazama chini, akajibu polepole: "Alisema kama weye unaingia, atalia, na wimbo haitaisha."

Nilienda nikavaa viatu.

Tuliimba kule Ibanda, katika ukumbi wa shule moja, alasiri ya mvua, bati likipiga makofi kabla ya watu. Mama yako alikaa mbele. Ilipofika pale katikati, Nsimire akafunga mkono juu ya nyuzi, Safari akainua fimbo zake, na ukumbi mzima ukabaki ukinitazama. Nilianza na uzi mnene, noti moja, nikairudia. Kisha nikapanda kama wanavyopanda watu kutoka sokoni na gunia mgongoni: hatua, pumzi, hatua. Nilitia ndani yake mtangazaji wa redio, yule mzee wa misa, mkate. Sikumwomba Mungu chochote. Nilimwambia tu kwamba niko hapa pia. Nsimire alikuwa amewapa watu mgongo ili anione, na nilipomaliza, ubeti wa mwisho aliuimba akiwa bado amegeuka hivyo.

Baadaye mama mmoja wa kwaya ya parokia alikuja akanishika mikono yote miwili. Akasema kweli Mugisho alijaliwa, hata pale penye besi peke yake mtu anamsikia yeye. Ningeweza kuitikia tu, na wewe ungepata hata sifa hiyo.

"Pale ni pangu, maman," nikasema. "Yeye aliniachia nafasi. Lakini kile kitu ni changu."

Kisha akaniuliza jina langu. Nikamwambia.

Hiyo ndiyo habari niliyotaka uipate. Wivu haujaisha, sitakudanganya, wewe ulikuwa unanijua. Jumapili wataimba tena "Nijibu" polepole namna ile mbaya, na mimi nitasimama karibu na mlango nikisaga meno. Lakini nimetunga wimbo. Una maneno yangu, mengine hayajakaa sawa. Nsimire ataimba, mama yako ameshaahidi kuja. Nakuahidi kwamba jina lako halitatajwa ndani yake hata mara moja, na kwamba kila atakayeniuliza ni nani alinifundisha kusema na Mungu kwa sauti kubwa, nitamwambia.

Pumzika, Mugisho. Tutaupiga kwa nguvu, ili ufike.

Wako,
Bahati