Saa Sita Uani kwa Mama

Laurel, Maryland
Novemba 1998

Dada Jepkorir,

Mimi mzima, tena nimenenepa. Mwambie Mama aache kuniombea chakula.

Zamu yangu ya kutunza wazee huisha asubuhi. Nikirudi, majirani wameshaenda kazini na jumba zima limetulia kama kanisa kabla watu hawajaingia. Basi nasimamisha turubai karibu na dirisha, nachora mpaka mwanga unikatae.

Juzi nilimaliza picha ya Mama akianika mahindi uani saa sita mchana. Nikajisifu kweli! Akaja rafiki yangu Mugo, akaitazama weee, akasema, "Picha safi, lakini hii ni jioni."

"Ni saa sita, bwana!"

"Saa sita mtu hukanyaga kivuli chake. Cha huyu mama kimefika zizini."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Jua la huku wakati wa baridi halipandi utosini, linapita pembeni tu kama mgeni mwenye haya, nami nimelipeleka mpaka kwetu bila kujua. Nimekaa sana, Dada. Karatasi zangu za ukaazi bado hazijatoka, na bila hizo siwezi kuja.

Bridget, nesi wa kanisani kwetu, anakuja huko Krismasi, atakuletea hiyo picha. Sikuirekebisha. Mama akiuliza mbona jioni imefika na mahindi bado yako nje, mwambie ayaache hapo hapo. Nitakuja kuyaanua mwenyewe.

Mdogo wako anayenuka rangi,
Kipkemboi