Kisima cha Baba Kimefungwa Leo

Jumamosi, Novemba. Mawingu yamejazana upande wa ziwani tangu asubuhi na hayajaangusha hata tone. Siku za hewa nzito namna hii harufu ya petroli hupanda kutoka ardhini, hata mwenye mafua ataisikia.

Leo wamefunga kisima cha baba.

Naandika kabla sijajipangia maneno ya kujitetea, maana kwa kujitetea mimi sijambo.

Kisima hiki kilinitangulia kuzaliwa. Baba na mama walikichimba walipohamia Bariadi kutoka Mwamapalala, wakati mtaa huu ulikuwa mashamba ya pamba na nyumba chache. Walipofika kwenye maji, baba alitangaza kwamba hayauzwi. Sharti lake lilikuwa moja tu: nyumba yenye msiba haipangi foleni. Watu wamechota bure miaka yote hiyo, wakiwemo wale waliokuwa wakimsema vibaya wakirudi na ndoo zake kichwani.

Baadaye pamba ikamlipa vizuri, akajenga sheli upande wa juu wa kiwanja hichohicho. Siku tangi linashushwa shimoni alichinja kondoo. Mama alinisimulia kwamba watu walicheza mpaka wakachoka, kwa sababu sasa mtaa ulikuwa na maji na mafuta, ulikuwa mji.

Hakuna aliyewaza kwamba tangi liko juu na kisima kiko chini. Udongo wetu ni wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unafura. Chuma kilichozikwa humo kinasukumwa huku na huku kila mwaka, na kutu inamalizia kazi. Mhandisi aliyekuja baadaye kulichimbua tangi aliponieleza hivyo nilielewa mara moja, nikatamani nisingeelewa. Vitu viwili bora alivyofanya baba yangu, kimoja kimekiua kingine.

Kiangazi kilipokuwa kinaanza, Mama Sayi alikuja na ndoo. Yeye ndiye jirani yetu wa karibu kabisa, anakaanga maandazi alfajiri, na kisima alikuwa akikitumia kuliko mtu yeyote. Aliiweka ndoo miguuni pangu pale ofisini. Juu ya maji kulikuwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua.

"Minza, nusa," akasema.

Nikanusa. Sheli ninaiendesha mimi tangu magoti ya baba yaanze kumsumbua, na harufu ile naijua kuliko manukato.

Baada ya hapo nilifanya kazi, na hilo naomba niliseme. Watu wa mazingira walikuja wakaifunga sheli, sikubishana nao. Nilileta kampuni kutoka Mwanza. Walinyonya mafuta yote, wakalinyanyua tangi kwa kreni, na tumboni mwake tukaona vitundu ambavyo ungevipita bila kuviona. Udongo ulionuka waliuchimba, wakautandaza juu ya maturubai na kuupindua kwa majembe ili upigwe jua na upepo. Walitoboa mashimo ya kupimia maji kati ya sheli na kisima. Mimi nikakodi boza la kuwaletea majirani maji safi kila siku, bure. Watu walinishukuru, na shukrani zile ndizo zilizonidanganya.

Kwa sababu kuna jambo jingine nililifanya wiki ileile ya kwanza.

Jioni ile watu wa mazingira walipoondoka, baba alivaa koti lake la kwendea kanisani, akachukua fimbo, akaniambia nikawaite watu wa mtaa. Alitaka kusimama mbele yao aseme. Nikampigia simu mwanasheria aliyeko Mwanza. Mwanasheria akaniambia kwamba mtu akiomba radhi mbele ya watu amekwisha kukiri, na akikiri tumekwisha. Nikarudi kwa baba. Nikamwambia, "Baba, nyamaza kwanza."

Baba akavua koti, akalitundika. Hakubisha. Funguo za sheli alinikabidhi mwenyewe, na mtu akishakabidhi funguo yeye haziombi tena. Majirani nao walipoanza kuja na maswali yao, niliwajibu kwa adabu zote kwamba mambo hayo yako kwa mwanasheria.

Ile "kwanza" yangu imekula kiangazi chote.

Sasa nikitazama nyuma naona kila kitu kilikuwa wazi mchana kweupe. Baba ana desturi ya kuwasha moto uani asubuhi, moto wa kukaa tu na kuota, kama walivyofanya wazee wake kijijini. Kaa la kuwashia alikuwa analifuata kwa Mama Sayi, na kaa lilikuwa kisingizio, kwani alirudi na maandazi na habari za mtaa mzima. Kiangazi hiki akaanza kutumia viberiti. Viberiti vitupu vikalundikana chini ya kiti chake. Nilivifagia mimi mwenyewe nikinung'unika kwamba mzee anaharibu viberiti.

Maji ya boza hakuyagusa. Alimwita muuza maji wa mkokoteni anayetoka upande wa pili wa mji, akanunua yake. Nikadhani anaogopa petroli.

Mama mkwe wa Mama Sayi alipofariki, baba alikwenda msibani, akakaa ng'ambo ya barabara peke yake, akarudi bila kula. Nikaona aibu. Niliwaambia watu kwamba sikio lake limekuwa zito, na kwamba uzee haumchagui mtu. Jioni nilimpelekea sahani chumbani, akala, nami nikajiona binti mwema.

Leo ndipo nikaambiwa.

Mafundi walikuja na zege la kuziba kisima. Mhandisi amesema maji yale yatakuja kusafika yenyewe polepole, ila hakutaka kutaja lini, na alipokwepa kutaja alimtazama baba. Majirani walitoka kuja kuona. Hakuna aliyezungumza kwa sauti, ilikuwa kama maziko. Fundi mmoja aliifungua kamba ya ndoo, akaniuliza aiweke wapi. Sikujua. Bado imening'inia kwenye mpini wa mlango wa ofisi.

Baba alikuwa amesimama kando. Mama Sayi akamwendea, akapiga goti kidogo kama ilivyo heshima, akasema, "Mwadila, baba."

Baba akatazama chini. Hakuitikia.

Nilipandwa na hasira. Kisima kimeshakufa, walau salamu ibaki. Nikamvuta Mama Sayi pembeni, nikaanza wimbo wangu wa uzee na sikio.

"Baba yako anasikia vizuri," akanikatiza. "Baba yako yuko kwenye mchenya."

Mchenya naujua. Kila aliyezaliwa Usukumani anaujua. Mtu akiwakosea watu wa kijiji anatozwa ng'ombe, ng'ombe anachinjwa, wote wanakula na mkosaji anakula nao, na kosa linaishia hapo. Asipolipa anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto, hapewi maji. Nilikuwa nauhesabu kuwa mambo ya vijijini, siyo ya mtaa wenye sheli na mhandisi.

"Nani amemtoza?" nikauliza.

"Hakuna. Tungemtozaje? Sisi tumekunywa maji yake bure miaka yote, nani angeinua mkono kumtoza? Tulimngoja aje mwenyewe aseme, tumtoze kidogo, tule, yaishe. Hakuja. Baadaye tukaona amejitenga mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulituambia tuongee na mwanasheria."

Nimeona aibu nyingi maishani. Hii ilinifanya nitafute pa kukaa.

Nilimfuata baba uani. Alikuwa kwenye kiti chake, moto umezimika. Nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza kama ni kweli. Akaniita mayu, kama anavyoniita tangu utotoni, kana kwamba mimi ndiye mama yake mzazi.

"Mayu, mtu aliyeharibu maji ya watu anapelekwa mbele ya watu. Mimi hamkunipeleka. Sasa nikienda kwa yule mama kuchukua kaa la moto, nitalichukua kwa haki gani?"

Nilimwambia alikuwa akinilinda mimi bure, akatikisa kichwa. Akasema hakuwa ananilinda. Alikuwa anasubiri.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina hata mtoto, na tayari yamefika.

Jioni nilikwenda kwa Mama Sayi. Nilimkuta na Mzee Masunga, aliyeongoza sungusungu hapa mtaani zamani, pamoja na majirani wengine waliokuwa bado wanazungumzia kisima. Nikapiga magoti, magoti kamili, na suruali yangu ya ofisini. Simu ikaita mfukoni, mwanasheria, nikaizima. Nikawaambia kwamba tangi ni letu, petroli ni yetu, na maji yaliyoharibika ni yao. Nikawaambia baba alitaka kulisema hili tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemzuia. Kisha nikawaomba wamtoze.

Sikuwahi kufikiri nitakuja kuomba watu wamtoze baba yangu ng'ombe, na kuomba kwa machozi.

Mzee Masunga akawatazama wenzake mmojammoja. Akasema, "Dume mmoja. Atolewe kwenye zizi lenu Mwamapalala, achinjiwe hapahapa mtaani. Mzee wako atakula nasi, asikae ng'ambo."

Nikashukuru, nikaanza kuinuka.

"Bado," Mama Sayi akasema. "Kuna wa kwako."

Nikarudi chini.

"Kosa la baba yako ni tangi, na tangi hakulitoboa yeye. Kosa lako ni kumfunga mdomo. Maji ya kupikia hiyo nyama utayaleta wewe. Siyo ya boza. Utayafuata bombani kule stendi, kwa kichwa, mpaka mapipa yajae, ili ujue sisi tulikuwa tunasaidiwa nini na hicho kisima."

Kuna aliyecheka. Nadhani nilicheka na mimi, huku nalia.

Nimemkuta baba palepale uani. Nikamwambia, "Wamekutoza, baba."

Akauliza, "Dume?"

"Dume."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka mbali. "Wabeja," akasema, sijui alikuwa ananishukuru mimi au wao. Akainama kwa shida, akaokota kiberiti chini ya kiti, akanipa. Akasema nikakiweke jikoni, yeye hatakihitaji tena dume akishaliwa.

Naandika haya na mkono bado unanuka sabuni ya kipande, nimejaribu ndoo zote za nyumbani nione ipi haivuji. Mwanasheria amepiga tena. Kesho kutwa nitamwambia kilichotokea, na atakasirika, na huenda ana haki. Hilo nitalibeba.

Lisilobebeka ni jingine. Ningemwacha avae lile koti jioni ile, angesema, angetozwa, angekula, na kesho yake angekwenda kuchukua kaa lake la moto. Badala yake baba yangu amekula peke yake kiangazi kizima, na aliyekuwa akimpelekea sahani ni mimi.

Mvua bado haijanyesha. Ngata ya kuwekea ndoo kichwani nimeipata, ya mama, iko kabatini tangu alipotuacha. Kesho nabeba maji.