Mstari Mwekundu wa Mitumbwi Yetu

Mjukuu wangu Nyanjura,

Habari za huko Mtwara? Sisi Mugango hatujambo. Babu yako bado anagombana na mguu wake, na mama yako amepata kibanda cha dagaa kule sokoni Mukendo.

Umeuliza rangi ya kwetu, uivae siku ya mikoa chuoni. Ya mkoa waulize ofisini. Yetu sisi ilikuwaga nyekundu. Kila mtumbwi wa hapa ulipakwa mstari mwekundu ili tuutambue ukiwa mbali.

Nikiwa msichana, mchana mmoja usio na upepo, mtumbwi wenye mstari huo ulikuja wenyewe kutoka ziwani, bila mtu wa kupiga kasia. Na mitumbwi yetu yote ilikuwa mchangani.

Ndani alilala kijana tusiyemjua, anatetemeka kwa homa. Alimtazama mama yangu, akatabasamu.

"Mama, mbona mmehamisha nyumba?"

Watu walirudi nyuma. Mama peke yake aliingia majini, akamshika kichwa.

"Tulihamisha, mwanangu. Maji yalipanda."

"Nimeona nyekundu, nikajua nimefika."

Jioni alifariki mikononi mwa mama. Tukamzika kwetu.

Tuliulizia mialo yote wanakoshukia wavuvi, hakuna aliyemjua. Mpaka leo nikiiona rangi hiyo nageuka kutazama maji, kwa sababu mahali fulani ng'ambo ya ziwa kuna watu wenye nyekundu kama yetu, na sijui ni wapi.

Vaa nyekundu, mjukuu wangu. Ila usiwaambie ni yetu peke yetu.

Ni mimi bibi yako,
Nyabuyanza