Maelezo ya Fundi Josline Kisakye kuhusu Bunduki Iliyotakata Kupita Kiasi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Juba
Tarehe: 19 Agosti 2008
Jina: Josline Kisakye
Umri: Miaka 36
Uraia: Uganda
Kazi: Fundi wa simu na mashine ndogo ndogo
Makazi: Hai Cinema, Juba

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu, bila kuitwa na mtu. Nimekuja na dumu ambalo afisa ameliweka chini ya meza. Habari za dumu hilo nitazifikia.

Ninamfahamu Majak Manyang, ambaye yuko mahabusu hapa akishukiwa kuiba bunduki ya polisi. Namfahamu kupitia dada yake, Achol, mteja wangu wa simu, anayefundisha watoto wadogo huko Kator. Wote wawili walilelewa Nairobi. Sasa wanaishi Gurei pamoja na mama yao.

Kwanza nieleze mashine yangu, kwa maana bila mashine hiyo Majak asingekuwa ndani. Inaosha vitu kwa mawimbi ya sauti yanayopita kwenye maji, na sisi mafundi tunaiita altrasoniki. Niliinunua Kampala mwaka jana. Muuzaji alitaka nichukue ndogo ya kuoshea miwani, yenye taa za buluu, nzuri kwelikweli. Nilikuwa nimebeba kipande cha ile karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula. Ukikiingiza ndani ya maji, mashine yenye nguvu hukitoboa vitundu vitundu. Ile ya taa ilinguruma vizuri, lakini karatasi ikatoka nzima. Nikachagua ya lita sita isiyo na urembo, yenye tangi la chuma kisichoshika kutu, ya kupasha maji moto, na yenye bomba la kumwagia chini. Kaka yangu Lubega alicheka, akasema nimenunua sufuria ya kupikia samaki. Mimi niliwaza kabureta za bodaboda. Bunduki sikuiwaza hata kidogo.

Mnamo tarehe 9 Agosti 2008, Jumamosi asubuhi, Achol na Majak walikuja kibandani kwangu na sufuria iliyofunikwa kitambaa. Achol akaniuliza, "Dada Josline, hii mashine yako inaweza osha vyuma za bunduki?" Nilimjibu, "Mimi iko na watoto hapa. Bunduki nzima sitaki. Risasi sitaki." Majak akasema, "Usijali, sista. Ni vyuma za ndani tu. Mtutu nitausafisha mwenyewe nyumbani na dizeli." Nikafunua sufuria nikaona ni kweli, ni vyuma tu.

Achol alinieleza kwamba baba yao alikuwa askari magereza, na bunduki hiyo alikabidhiwa kazini. Mwaka 1992 alitoka nyumbani asubuhi moja na hakurudi. Mama yao akaipaka bunduki mafuta ya lulu, haya yanayotoka kwenye kokwa za mti, tena kwa wingi. Akaifunga kwa lawa yake, yaani ile nguo ambayo wanawake wa kwao hujifunga begani, akaizika nyuma ya nyumba, kisha akakimbilia Kenya na watoto. Mwaka huu, wakiwa wamerudi kwenye kiwanja kile kile, walipokuwa wakichimba choo jembe likaigonga. Kwa kuwa serikali sasa inakusanya silaha za raia, mama akasema irudi kwa wenyewe.

Niliwauliza kwa nini wasiipeleke ilivyo. Achol akasema, "Mama hawezi rudisha hata sufuria ya jirani bila kuisugua. Anasema mzee alipewa hii kitu ikiwa safi." Niliuliza pia nguo iko wapi. Majak alisema ilikuwa imeoza, akaichoma pamoja na takataka.

Nilichokiona ndani ya sufuria ni hiki. Vyuma vyote vilikuwa vimefunikwa na kitu cheusi, kigumu kama nta, kilichoshikana na udongo. Mahali pengine vipande vya nguo vilikuwa vimegandia humo. Rangi yake sikuweza kuijua kwa sababu ya weusi. Springi ilikuwa imezibwa kabisa, huwezi kuona mizunguko yake. Bunduki ya namna hiyo haikuwa mikononi mwa mtu wiki iliyopita wala mwaka uliopita. Hilo naweza kuliapia.

Majak alitaka nitie petroli kwenye tangi ili kazi iishe haraka. Nilimwambia mashine inapasha moto, na akitaka kuilipua Hai Cinema atafute fundi mwingine. Nilitumia maji ya moto na sabuni. Kile chuma kirefu kinachokwenda mbele na nyuma hakikuenea, nikakilaza mshazari ndani ya kikapu cha waya, upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Nilikuwa mwangalifu kisiguse tangi, maana chuma kikilala chini huliharibu. Maji yalipopata moto, harufu ya mafuta ya kale ikajaa uchochoro mzima. Jirani yangu Erina, anayepika maharage, akaja kuuliza ni nani anakaanga kwa mafuta yaliyooza. Nilibadilisha maji, na hata yale ya pili yakawa mazito kama uji.

Chini ya uchafu ule chuma kilikuwa kizima. Mafuta ya mama yule yalikuwa yamekizunguka hivi kwamba kutu haikupata pa kuingilia. Nilivisuuza vyuma, nikavikausha kwa hewa ya moto, nikavipaka mafuta mapya papo hapo, kwa kuwa chuma kilichooshwa hivyo kikiachwa kikavu msimu huu wa mvua kinashika kutu siku hiyo hiyo. Majak akakishika akasema, "Ai! Hii ni kama imetoka dukani leo." Nilifurahi. Niliona nimefanya kazi ya maana.

Jana, tarehe 18, Achol alikuja kwangu akilia. Alisema Jumatatu iliyotangulia Majak alisimamishwa na polisi barabarani akiwa na bunduki ndani ya gunia, akiipeleka kuikabidhi. Wiki ile bunduki nyingine, ya polisi, ilikuwa imepotea kwenye kituo kimoja kidogo, na namba yake hakuna aliyekuwa nayo. Waliifungua ya Majak wakakuta inang'aa na ina mafuta mabichi. Alipowaambia imetoka ardhini baada ya miaka kumi na sita, walimcheka. Ningekuwa mimi, nami ningecheka.

Nimelifikiria jambo hili tangu jana. Wangeipeleka na uchafu wake, uchafu ungewasemea. Wako watu mjini humu wenye bunduki darini, wanakunywa chai zao kwa raha. Huyu aliyetaka kurudisha kwa heshima ndiye analala sakafuni, na mikono iliyofuta utetezi wake ni hii yangu. Inaniuma sana.

Sasa habari za dumu. Maji machafu ya mashine siyamwagi uchochoroni, kwa sababu tumegombana na Erina mara nyingi juu ya sabuni inayotiririka hadi jikoni kwake. Huyaacha yatulie kwenye dumu. Dumu hili nilianza kulijaza kwa maji ya vyuma vile, na sijaongeza kitu kingine. Leo nimepunguza maji ya juu tu, nikalipakata kwenye bodaboda huku nikimwomba dereva akwepe mashimo, na kwa barabara za Juba hiyo ni sawa na kumwomba asiendeshe. Yote yaliyokuwa kwenye bunduki ile yako humu chini. Naomba mtu asije akalimwaga akidhani ni maji ya kupigia deki.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyafanya kwa mikono yangu. Nimesomewa yote, sina la kupunguza.

(Sahihi) J. Kisakye

MAELEZO YA AFISA
Mimi, Sajini Ezbon Mabior, nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiarabu cha shahidi ni kidogo nami nilisoma Kenya. Dumu limefunguliwa mbele yake na maji kuchujwa kwa kitambaa cheupe. Yamepatikana madonge ya mafuta magumu, udongo mwekundu, na nyuzi za nguo. Nimeziosha nyuzi chache kwa sabuni zikaonekana ni za njano.

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote nyuzi hizo, nimemwita mama wa mtuhumiwa, ambaye amekuwa akishinda nje ya geti tangu mwanawe akamatwe. Kupitia kwa binti yake nimemwuliza lawa ile ilikuwa ya rangi gani. Amejibu, "Njano. Nilikuwa na hiyo moja tu."

Mtuhumiwa nimemtoa akae na mama yake huku nikimsubiri mkuu wa kituo. Mama amezishika nyuzi kwa muda mrefu. Nilipomwambia ni kielelezo na lazima anirudishie, ameomba maji azisuuze kwanza. Nimemkataza.