Dishi la Magesa

Bunda, Jumatano.

Wamemchukua mume wangu.

Walikuja mchana, maofisa wawili, wakasimama uani wakilitazama dishi juu ya paa letu. Mmoja akamwuliza Magesa, "Leseni ya kupokea setilaiti iko wapi?"

"Nimeiomba, mzee. Musoma wananituma Dar, Dar wananirudisha Musoma. Hakuna anayejua nani anaitoa."

"Na huko angani unaongeaga na nani?"

"Haliongei, mzee. Linapokea picha tu, watu waangalie mpira."

Wakampakia kwenye gari. Kila siku tunaambiwa siku hizi ni ruksa, biashara huria. Kumbe...

Mama mkwe akaniambia, "Mkamwana, ondoa hicho kitu kabla hawajarudi." Nikapanda mwenyewe. Likanishinda uzito, likaanguka, likavunjika. Tukalifukia kwenye shamba la pamba.

Jioni shemeji akarudi kutoka kituoni akihema. Magesa amejieleza vizuri, wamekubali kumwachia. Ila kwanza, kesho asubuhi, wanakuja naye kulikagua dishi, wahakikishe kweli halirushi chochote.

Watakuta paa tupu. Na nani ataamini kwamba tulifukia kitu kisicho na kosa?