Oili ya Gia ya Shemeji Festo

Jumatatu, 4 Agosti

Kirikuu, kile kigari cha mizigo cha watu wa Mwembesongo, nimekimaliza saa nne. Breki kama mpya. Mafundi watatu walishindwa. Mimi nimesikiliza tairi likizunguka, basi, nikajua.

Halafu akaingia shemeji Festo, mume wa dada Agnes. Lile gari lake jeusi la viti saba likajaa gereji yote kama ng'ombe kaingia jikoni. Kashusha kioo nusu. Nusu! Mtu mzima mimi. Kasema gia zinastuka, na kama si Agnes kumshikilia angelipeleka Dar kwa mafundi wenye akili. Jumamosi tunapanda nalo Mgeta kwa mama. Watu wanaleta posa ya Yustina, binti wa Agnes na Festo.

Simpendi. Naandika wazi, daftari ni langu. Miaka ishirini na nne yuko kwetu, bado anauliza kwa nini binti yake asemewe na mjomba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Posa anajibu mjomba. Baba anakaa pembeni anasikiliza. Na mkubwa wa wajomba ni mimi. Jumamosi nitajibu mimi. Asipopenda ameze mate.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwaga oili ya gia. Nyeusi kama kahawa ya msibani. Nimeinusa, nikamwambia Festo gia boksi ilikuwa imebakiza siku tisa ife. Hizo tisa nimezibahatisha. Lakini pua ninayo. Niliwahi kunusa lori la kabichi likiwa ng'ambo ya barabara, nikasema gia ya tatu inakufa. Ikafa kabla lori halijafika Sangasanga. Dereva alilia.

Gari hili halina kijiti cha kupimia. Wamelinyima. Kuna nati chini ya sampo, lile bakuli la oili, unaifungua, unasukuma oili mpya kwa pampu ya mkono. Ikijaa, inayozidi inadondoka kwenye kitundu, unafunga. Nimesukuma, ikadondoka, nimefunga. Kazi ya kitoto. Zimebaki lita mbili na kitu kwenye dumu.

Yustina alikuja na baba yake. Kashika kitabu cha gari, Kiingereza kitupu. Akasema, "Mjomba, hapa wameandika upime injini ikiwa inawaka. Ikiwa imezimwa unaona imejaa kumbe bado."

Festo akachekea puani.

Nikamwambia binti, malori yote ya Mgeta nayapima yamezimwa na hakuna lililorudi kulalamika. Akafunga kitabu. Mtoto niliyembeba mabegani ananisomea mbele ya yule. Kitabu chenyewe siwezi kukisoma. Shule niliiacha mwenyewe darasa la sita. Mwalimu alikuwa ananiuliza mimi maswali.

Dumu nimeliweka ndani ya buti la gari na funiko lake, asije akasema nimemwibia.

Alhamisi, 7 Agosti

Agnes kapiga simu. Ukiweka gia gari linasubiri kwanza, ndipo linaondoka. Nimemwambia oili mpya inatafuta njia zake. Hakuna kitu kama hicho duniani, nimekitunga hapo hapo. Kimekaa vizuri lakini. Kaniamini.

Kutoka gereji mpaka kwao ni hapa hapa Kihonda. Ningeenda, ningeliwasha, ningefungua nati nikaangalia. Nusu saa tu. Lakini Festo angesimama juu yangu ameshika kiuno.

Sikwenda.

Ijumaa, 8 Agosti

Suti imepigwa pasi. Maneno ya kujibu posa nimeyasema mbele ya kioo mara saba. Sauti ninayo. Festo hana.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Tulitoka saa mbili. Festo usukani, mimi mbele na suti, Agnes na Yustina nyuma. Wageni walisema watafika kwa mama saa sita. Mpaka Sangasanga hamna neno. Tulipoanza kupanda kwenyewe, gari likaanza kunguruma bila kwenda. Kona ya tatu, injini inalia kama inauawa, magurudumu hayana habari. Tukarudi nyuma polepole mpaka pale penye tambarare wanapopakia kabichi.

Festo akazima. Akanigeukia. "Haya, fundi wa pua. Nusa."

Nikasema mafuta ya Dar yana maji. Nikasema kompyuta ya gari imeshtuka na mwinuko, tuiache ipoe. Nikafungua boneti nikagonga gonga vitu. Nilijua. Tangu ile ngurumo ya kwanza nilijua. Wapakiaji wa kabichi wamesimama wanatutazama. Mmoja akasema, "Baba, suti hiyo utaichafua," wenzake wakacheka.

Pikipiki zilipita. Agnes akasema, "Mdogo wangu, panda hata hiyo utangulie." Nikasema dakika kumi. Nikisema nitangulie, nimekubali gari limenishinda. Dakika kumi zikawa saa moja. Zikawa mbili, tatu, nne. Festo alinitukana kwa utaratibu, tusi baada ya tusi, hana haraka. Na mimi nikamtukana. Nikamwambia alikuja kwetu na begi moja. Agnes akafunika uso.

Yustina alikaa kwenye jiwe na gauni lake jipya, anaangalia saa kwenye simu. Hakulia. Angelia ningevumilia.

Saa saba na nusu nikavua koti. Nikasema mbele ya wote, wapakiaji pamoja: nilipima injini imezimwa. Binti aliniambia, nikakataa. Oili ni pungufu. Leteni dumu.

Festo akaenda kwenye buti, akalileta dumu mwenyewe. Heri angetukana.

Tukaweka mawe kwenye magurudumu. Injini inawaka. Yustina kachuchumaa na kitabu, anasoma, ananigeuzia Kiswahili, mimi chini nasukuma pampu niliyokuja nayo kwenye mfuko wa vifaa. Lita moja ikamezwa. Ya pili karibu yote. Ndipo ikaanza kudondoka, uzi mwembamba. "Funga, mjomba." Nikafunga.

Lilipanda kama halijawahi kuugua.

Jumapili, 10 Agosti

Niko kwa mama. Ukungu.

Jana tulifika saa tisa. Wageni walishasubiri vya kutosha, mama akaona aibu. Kigoda cha mjomba akampa mdogo wangu Patrisi. Naye ni mjomba, halali yake. Tulimkuta anamalizia kujibu. Hana sauti, anajikunakuna shingo, lakini hakukosea kitu. Walicheka aliposema wasimpe binti yetu kazi ya kubeba maji peke yake. Mimi nisingelikumbuka hilo. Maneno yangu yalikuwa yananihusu mimi zaidi.

Nilisimama mlangoni na mafuta kwenye shati. Festo alikuwa ameshakaa pembeni na wanaume wengine. Akajisogeza bila kunitazama. Nikakaa. Bado simpendi.

Wanakijiji wameniuliza safari ilikuwaje. Nimewaonyesha lile shati.

Asubuhi hii Yustina kaniletea chai. Akapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

Nimeitikia marahaba. Ndilo neno pekee nililosema tangu tulipofika.