Santuri Isiyo na Jina

Brooklyn, New York
Jumanne, 5 Mei 1992

Dada yangu Lucinda,

Kwanza nakuuliza magoti. Siku ya Pasaka uliniambia kwenye simu kwamba la kushoto limevimba, ngazi za kibarazani zimekushinda, siku hizi unaingia nyumbani kwako kwa mlango wa jikoni kama mwizi wa kuku. Nilicheka, halafu nikakaa siku nzima na wasiwasi. Ile dawa ya kuchua ilifika? Na presha je? Usinijibu kwamba u mzima, maana wewe hata ukiwa umeanguka chini utasema umejipumzisha. Sisi huku tunapumua. Mashuka ya hospitali yananimaliza mgongo, lakini kazi ni kazi. Lamont anakusalimu na anasema mkate wa mahindi wa Brooklyn ni mkavu kama mbao, wako bado anauota.

Mwandiko wangu unaujua. Mimi niliishia darasa la sita tukaenda kuchuma pamba, kwa hiyo nikikosea usome ninachokusudia. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara nne. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningelia, na wewe ungenibembeleza, na sitaki unibembeleze kabla hujajua. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Habari kubwa ni albamu ya watoto. Lamont na Cedric, yule wa Bi Pinckney wa ghorofa ya tatu, wamepata kampuni ya muziki. Wanajiita Ghorofa ya Tano kwa sababu kazi yote wameifanyia hapa kwangu, na albamu wameiita Lifti Imekufa, jambo ambalo ni kweli tupu, imekufa tangu Novemba. Cedric ndiye anayeghani. Lamont hasemi neno, yeye ndiye anayetengeneza midundo. Najua unavyoichukia rapu, na mimi nilikuwa naisema vibaya kukushinda. Lakini nimekaa na ukuta mmoja kati yangu na hao watoto miaka miwili, nikaona wanavyofanya kazi. Lamont ananunua santuri za zamani ambazo watu wametupa, makasha kwa makasha, anasikiliza mpaka anakuta mahali padogo palipo na utamu, ngoma tu au zeze tu, anapanasa kwenye mashine yake na kupazungusha tena na tena. Juu ya hapo Cedric anamwaga maneno. Yule mtoto hatukani. Anaeleza mambo tunayoyaona ngazini kila siku na hatuyasemi.

Sasa wana desturi yao moja, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Mtengeneza midundo hataki mwenzake ajue amechota wapi. Kwa hiyo santuri ikishakuwa nzuri wanailowesha majini mpaka ile karatasi ya katikati yenye jina la mwimbaji inabanduka. Mwingine akija kuchungulia anakuta duara jeusi tupu. Mara ngapi nimetaka kuoga nikakuta beseni la bafuni limejaa santuri zinaogelea. Nikimgombeza Lamont ananiambia, Mama, hao ni wageni wangu, wape taulo.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, kukatokea wimbo mmoja. Ndani yake kuna mwanamke. Haimbi maneno, anaguna tu, mmm, halafu sauti inapanda, inakatika kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo, halafu inarudi chini. Lamont aliuzungusha mguno huo asubuhi mpaka jioni. Cedric akasikia, akakaa juu ya kasha, akaandika bila kuinua kichwa wimbo wa kaka yake Julius, aliyepigwa risasi hapa ngazini kwetu. Alikuwa hajawahi kumtaja Julius tangu mazishi. Alipomaliza alikuja jikoni akaniomba maji, akaniambia, Bi Velma, yule mama ndiye aliyenifungua mdomo. Tangu hapo wanamwita Shangazi. Wakiwasha mashine wanasema, Shangazi, amka, kazini. Lamont aliniuliza siku moja ninadhani nani alimvunja moyo yule mwanamke. Nikamwambia sijui, nikafungua bomba la maji niseme nina vyombo.

Basi baada ya Krismasi mambo ya kampuni yakageuka. Kuna watu walishtakiana mahakamani juu ya kuchota nyimbo za wengine, na majaji wakawa wakali, na sasa kila kampuni inaogopa. Mwanasheria wao akawaita Lamont na Cedric akataka orodha: kila kipande kimetoka santuri gani, nani kaimba, na karatasi yenye sahihi. Vipande vingine Lamont alivikumbuka, na kampuni imeshamalizana na wenyewe. Umebaki wimbo mmoja, ule wa Shangazi. Lamont alimwambia mwanasheria kwamba santuri anayo, jina hana, aliliosha mwenyewe. Mwanasheria akamuuliza kama yeye ni mwanamuziki au dobi.

Wamepewa mpaka Ijumaa ya tarehe 15. Jina lisipopatikana, kampuni inaachana na albamu nzima, kwa sababu Cedric amekataa katakata wimbo wa Julius kuondolewa. Lamont alimsihi, akamwambia, ndugu yangu, tutaweka sauti nyingine, hakuna atakayejua. Cedric akamjibu kwamba atakayejua ni Julius. Wakafikia kushikana mashati sebuleni mwangu, watoto walionyonya pamoja, Lucinda, mpaka nikaingia katikati na mwiko wa uji mkononi. Sasa ni wiki ya pili hawasemezani. Cedric anapita mlangoni kwangu akiangalia miguu yake. Lamont amekwenda Philadelphia mara tatu kwenye chumba cha chini cha duka alikonunua kasha la santuri zile za Oktoba, anamwonyesha mwenye duka ile santuri tupu, anamwimbia mguno, watu wanamcheka. Hali chakula. Samaki wa Ijumaa niliyemkaangia nilimtupa mzima Jumapili. Ananiambia ameua albamu kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu ya ujanja wa kuficha karatasi, na mimi namtazama na kunyamaza, mimi mama yake.

Kwa sababu sio yeye aliyelowesha santuri ile. Ni mimi.

Na haikutoka Philadelphia. Ilitoka kabatini kwangu, chini ya blanketi la mama, ilikokaa miaka thelathini.

Unakumbuka, dada, kiangazi cha mwaka 1961, yule bwana Tolliver aliyekuja kwetu Orangeburg na mashine ya kurekodi kwenye buti la gari, akaiweka kwa kinyozi nyuma ya stendi ya mabasi? Unamkumbuka, najua, huwezi kumsahau. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimwambia baba nakwenda kupeleka mayai. Niliimba wimbo nilioutunga mwenyewe huku nikifua, wa mwanamume aliyepanda treni, na mwishoni maneno yakaniishia nikaguna tu. Mara moja, basi, sikurudia. Bwana Tolliver akachukua kalamu akaniuliza jina. Lucinda, naapa sikupanga. Niliogopa baba, mchungaji ambaye kwake nyimbo za dunia zilikuwa dhambi, na jina la kwanza lililokuja ni lako. Maana nyumbani kwetu mwimbaji alikuwa wewe. Mimi nilikuwa yule mwingine. Nikifikiria mtu anayeimba, picha inayokuja ni yako umesimama mbele ya kwaya na lile joho la bluu. Nikasema Lucinda. Akaandika Bi Lucinda, na siku ya kutoa santuri akanipa moja.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ila hujui kwamba nami nayajua. Baba akapita duka la samaki akaisikia kwenye mashine ya muziki, akasoma jina. Jumapili ile akakusimamisha mbele ya kanisa zima. Ungeapa kama ungeruhusiwa kuapa, lakini ulisema tu siyo mimi, baba, siyo mimi, mara tatu nilihesabu, na hakuna aliyeamini kwa sababu sisi sauti zetu ni mapacha hata kama hatukuzaliwa siku moja. Akakuvua lile joho kwa mikono yake. Mimi nilikuwa safu ya pili. Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo kichwa chini miguu juu, na nilikisoma hivyo hivyo mpaka ibada ikaisha.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi miwili, nikapanda basi la kuja huku. Watu wakadhani nimefuata kazi. Nilikuwa nakimbia meza ya chakula, wewe na baba mmekaa hamtazamani na mimi katikati napitisha chumvi.

Nilipokuja kumzika baba nilikaa karibu nawe kanisani. Wimbo ulipoanza nilikutazama. Midomo yako ilikuwa inacheza na sauti haikutoka. Nikamuuliza Bi Hattie pembeni kama una homa ya koo, akanishangaa, akasema, mtoto, Lucinda hajaimba tangu siku ile, hujui? Hata hapo sikusema. Baba alikuwa ameshafukiwa, nikajipa sababu kwamba aliyekuwa na haki ya kusikia ameondoka. Aliyekuwa na haki alikuwa amekaa nami benchi moja.

Sasa Oktoba nilipoona Lamont analowesha zake niliingiwa na hofu ya kijinga. Nilijiambia huyu mtoto anapekua kila kona kutafuta santuri, siku moja atafungua kabati, atasoma jina la mama yake mkubwa, atakupigia simu kukuuliza. Alipotoka kwenda dukani niliichukua nikaitumbukiza na zile zingine. Nilitaka jina libanduke tu halafu niirudishe. Karatasi ilitoka laini kabisa, jina lako likakaa kiganjani mwangu kama jani la chai, nikalitupa chooni. Na hapo hapo nikasikia ufunguo mlangoni. Lamont akaingia, akazikusanya zote akazifuta, yangu ikiwamo, akaondoka nazo chumbani. Saa hiyo hiyo nikasikia sauti yangu ya miaka kumi na saba inatoka ukutani. Mficha uchi hazai, walisema. Mimi nilificha, na nilichokificha nilimkabidhi mwanangu mwenyewe kwa mikono ya maji.

Jana nilikwenda maktaba, dada mmoja pale akanisaidia. Bwana Tolliver amefariki, lakini santuri zake ziliandikishwa serikalini huko Columbia, na kitabu kinasema mwimbaji ni Bi Lucinda wa Orangeburg. Kwa hiyo sahihi wanayoitaka, kwa maandishi yale, ni yako. Nitakuambia ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza. Shetani alinipa njia. Alinishauri nikutumie karatasi tu, nikwambie, dada, tia sahihi, ni mambo ya kazi ya Lamont, na wewe kwa unavyompenda ungetia bila kuuliza. Niliiwaza hiyo njia usiku kucha. Halafu nikaona ningekuwa nimekuvika lile kosa kwa mara ya pili, safari hii kwa kalamu yako mwenyewe.

Sikutumii karatasi. Nitakachofanya ni hiki. Ijumaa ya tarehe 15 nitavaa nguo yangu ya kanisani niende mjini kwa yule mwanasheria, niape kwamba sauti ni yangu na jina nililiiba kwa dada yangu. Lakini sitakwenda bila wewe kuniambia. Jina limekaa juu ya wimbo ule miaka yote hii likikuumiza, na wimbo ukitoka litakuumiza tena, utausikia madirishani na kwenye magari huko huko Orangeburg. Ukisema hapana, nitamweleza Lamont na Cedric kwamba aliyewanyima ni mimi, sio wewe, na kwa nini. Lamont bado sijamwambia lolote. Nilitaka wewe ujue wa kwanza, hata kama ni kwa kuchelewa miaka thelathini na moja. Nipigie kabla ya Alhamisi ya tarehe 14.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine iliyokunjwa. Hiyo ni ya kanisa. Nimeeleza humo nani aliimba na nani alivuliwa joho, nimeandika pole pole ili mchungaji asikwame. Mpe aisome Jumapili mbele ya watu, pale pale uliposimamishwa. Ukipenda ichome. Hiyo ni mali yako.

Nisalimie Bi Hattie, mwambie asiache kunywa vidonge vyake. Lala na mto chini ya goti. Wakati naandika Lamont ameiwasha tena kule chumbani, amekaa peke yake anasikiliza. Kama una kinyongo usinifiche, na kama ipo siku utaimba tena, hata jikoni, hata kwa kuku, naomba mtu aniambie.

Ni mimi mdogo wako,
Velma,
niliyeimba.